Bei ya Kitabu Kisicho na Karatasi

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtunzi aliyeishi akiitumainia methali hii hupata mtihani siku anapojichapishia diwani kwa njia ya kielektroniki. Kazi ya miaka imekwisha, mizani imepimwa, vina vimelingana. Mbele yake kimebaki kisanduku kimoja kitupu kinachomtaka ataje bei. Hapo ndipo mkono uliotunga beti mia mbili unaposita kuandika tarakimu tatu.

Kusita huko kuna sababu. Kitabu cha karatasi humpa mwenyewe udhuru: kuna karatasi, wino, mpiga chapa, nauli ya maboksi na fungu la mwenye duka. Mtunzi hujumlisha yote, akaongeza kidogo, bei ikapatikana. Kitabu cha kielektroniki hakina udhuru huo. Nakala ya kwanza imegharimu usiku mwingi wa kukesha, lakini nakala ya elfu haiongezi gharama ya kutajika. Basi bei sharti itokane na jambo jingine.

Kwanza hutokana na mwenye soko. Amazon, iliyofungua duka la vitabu vya Kindle mwaka 2007, iliweka mwaka 2010 utaratibu ambao bado unaongoza kalamu za wengi. Kitabu kinachouzwa kati ya dola 2.99 na dola 9.99 chaweza kumletea mwandishi mrabaha wa asilimia 70. Chini au juu ya mipaka hiyo hupata asilimia 35. Anayeuza kwa dola 2.99 hubakiwa na takriban dola 2.09, na anayeuza kwa senti 99 hubakiwa na senti 35. Yaani huyu wa pili anahitaji wanunuzi sita ili alingane na mnunuzi mmoja wa mwenzake. Na anayevuka dola 9.99 huanguka: kitabu cha dola 12 humpa dola 4.20, ilhali cha dola 9.99 kingempa karibu dola 7.

Asilimia 70 nayo ina masharti. Hutolewa kwa mauzo ya nchi zilizomo katika orodha ya kampuni tu. Kwingineko ni 35. Tena hukatwa ada ya kufikisha faili, ambayo katika duka la Marekani ni senti 15 kwa kila megabaiti. Hilo la mwisho ni nafuu kwa washairi, kwani maneno matupu ni mepesi. Picha ndizo nzito.

Pili, bei hutokana na nia. Mwaka 2011 John Locke wa Marekani alikuwa mwandishi wa kwanza aliyejichapishia kuuza vitabu milioni moja vya Kindle, na riwaya zake aliziuza kwa senti 99. Amanda Hocking, aliyeuza zake kati ya senti 99 na dola 2.99, alipata mwaka huohuo mkataba mnono na shirika kubwa la uchapishaji. Mifano hii imewavutia wengi, lakini wasomao kwa haraka husahau kwamba wote wawili walikuwa na riwaya kadhaa sokoni. Kitabu cha bei ndogo kilikuwa mlango. Msomaji aliyeingia alikuta vyumba vingine ndani. Mshairi mwenye diwani moja ya miaka kumi akiiga bei hiyo hufungua mlango usio na nyumba nyuma yake.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi mwambao, bei hutokana na haya. Shairi hapa limezoeleka kutolewa tu: harusini, msibani, gazetini, redioni. Kulitajia bei huonekana kama kuuza salamu. Kwa hiyo mtunzi huandika sifuri, akaiita unyenyekevu. Kutoa bure kuna nafasi yake pale kunapokusudiwa, kama tonge la kuonjesha. Lakini kinachotolewa kwa aibu hakimjengi mtu. Mhariri wa diwani ijayo hatalipwa kwa unyenyekevu, na diwani isiyohaririwa hubaki mtotoni mwa meza.

Wala jamii hii haikukosa adabu ya kulipa. Katika ukumbi wa taarab mtu huinuka, akaenda kumtuza mwimbaji, na hakuna aonaye kwamba noti ile imemdhalilisha. Ni namna ya kusema neno limenifika. Smashwords, duka lililoanza mwaka 2008, liliwahi kuwapa waandishi ruhusa ya kumwachia msomaji aamue mwenyewe atalipa nini, na hilo lakaribia tuzo. Tofauti ni kwamba ukumbini macho yanatazama, ilhali mbele ya skrini msomaji yuko peke yake na ukarimu wake.

Ndiyo maana mtunzi hana budi kutaja bei mwenyewe. Faraja ni kwamba bei ya kitabu hiki haikupigwa chapa kwenye jalada. Hubadilishwa wakati wowote. Na aanze na ile anayoweza kumtamkia msomaji anayemjua, uso kwa uso, bila kuinamisha macho. Kisha aangalie miezi michache, apandishe au ashushe. Kizuri chajiuza, naam. Lakini aliyekitunga ndiye ajuaye kilimgharimu nini.