Mji Unaopima Akili za Wanawe

Ukisimama mbele ya stesheni ya reli ya Dunedin, kusini mwa New Zealand, utadhani uko Uskoti. Walowezi wa Kiskoti waliufikia mji huu mwaka wa 1848, na sanamu ya mshairi Robert Burns ingali katikati yake. Ukienda Baldwin Street, panda polepole, msomaji. Mwinuko wake ni mkali ajabu.

Lakini sifa kubwa ya mji huu ni watoto 1,037 waliozaliwa humo mwaka wa 1972 na 1973. Watafiti wamewapima afya na akili miaka nenda, miaka rudi. Wewe mwanafunzi unayeambiwa na wenzako kwamba bangi hufungua kichwa, sikiliza ya Dunedin. Mwaka wa 2012 ilitangazwa kwamba walioanza kuivuta wangali vijana, wakaendelea nayo, walipoteza alama zipatazo 8 za kipimo cha akili kufikia miaka 38. Wataalamu wengine walibisha, wakataja umaskini. Wenyeji hao walipimwa tena wakiwa na miaka 45. Jamaa na marafiki pia waliulizwa, wakasema waliovuta kwa miaka mingi wamekuwa wasahaulifu.