Refa, hatua!

Kazi imebana, halafu msimu wa fainali za NBA ukifika sisi wa huku Dar mechi tunaitazama saa tisa na nusu usiku, na saa tatu asubuhi mhariri anaisubiri stori yake, hajali umelala saa ngapi. Kwa hiyo leo siasa naiweka kando. Nataka tuzungumzie hatua. Hatua za miguu jamani, siyo zile "hatua kali" zinazochukuliwa kila siku kwenye taarifa ya habari.

Mechi hizi naangalia na Ba'mdogo. Alicheza kikapu miaka ya themanini, na goti lake la kushoto mpaka leo ni ushahidi. Anakaa kwenye kochi lake na chai ya tangawizi, na kila mchezaji anapoingia chini ya kikapu yeye anapiga ukelele ambao nina hakika mtaa mzima unausikia: "Hatua! Refa, hatua hiyo!" Refa mwenyewe yuko Marekani, bahari ngapi sijui katikati, hamsikii. Lakini anampigia kelele tu.

Usiku mmoja nikamwambia, "Ba'mdogo, hiyo siyo hatua. Kapiga mbili."

"Mbili? Hesabu ulifundishwa na nani?" Akachukua rimoti, akarudisha picha nyuma. "Moja. Mbili. Tatu. Haya, niambie nimekosea wapi, wewe msomi."

Kweli zilikuwa tatu. Mguu wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, mpira nyavuni. Nikabaki nimetoa macho. Yeye akahitimisha kama kawaida yake: ile ni biashara, watu wamelipa kiingilio kumwona staa akifunga, refa gani mwenye akili atampulizia filimbi? Akanywa chai yake. Kesi imefungwa.

Mie ubishi wa namna hii ukinishinda silali. Kesho yake nikakaa na vitabu vya sheria, cha NBA na cha FIBA, ambayo ndiyo shirikisho la dunia na ndiyo sheria tunazotumia sisi huku. Kumbe ubishi wote uko mahali pa kuanzia hesabu.

Iko hivi. Mchezaji akipokea pasi huku anakimbia, au akimaliza kudunda, hesabu ya hatua inaanza akishaumiliki mpira, yaani ameukamata kwa mikono miwili au umetulia kwenye mkono mmoja. Kama wakati anaumiliki tayari kuna mguu uko chini, mguu ule hauhesabiwi. Ndiyo sifuri. Halafu moja, halafu mbili, na kabla mguu haujagusa tena chini mpira uwe umeshaondoka mkononi. Ba'mdogo aliona tatu kwa sababu ile sifuri yeye aliiita moja. Ndivyo alivyofundishwa, na wakati anafundishwa ilikuwa sahihi kabisa. (Aliyepokea mpira akiwa amesimama ni habari nyingine: huyo haruhusiwi kuinua mguu wake wa egemeo kabla mpira wa kudunda haujatoka mkononi. Hapa wengi wanakosea, na NBA hapa ndipo wanapoachia mno, kwa maoni yangu.)

Ukitaka kujua ugomvi umeanza lini, umeanza siku mchezo ulipozaliwa. James Naismith alipoandika sheria zake 13 pale Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, alikataza kukimbia na mpira. Ukiudaka, urushe kutoka hapo hapo ulipoudakia. Lakini papo hapo akaongeza kwamba anayeudaka akiwa kwenye mbio apewe nafasi kidogo, mradi ajaribu kusimama. Nafasi kidogo kiasi gani? Hakusema. Mwalimu wa watu alikuwa anatafuta kitu cha kuwachangamsha wanafunzi ndani ya ukumbi wakati wa baridi, hakujua kama tungekuja kuulizana swali hilo zaidi ya miaka mia moja.

Na majibu yamekuja kwa mwendo wa kinyonga. Kitabu cha NBA kwa muda mrefu kilizungumzia mapigo mawili, kama vile ni ngoma. Ni Oktoba 2009 ndipo waliandika wazi kwamba ni hatua mbili, wakati marefa walikuwa wanaziruhusu tangu miaka na miaka. Mwaka huohuo kijana wetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, na mji mzima ukawa unazungumzia urefu wake. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyezungumzia kitabu cha sheria. FIBA wakaileta ile sifuri kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017. NBA wakaweka maelezo kamili ya maana ya kuumiliki mpira kwa msimu wa 2019-20.

Angalieni hizo tarehe. Kwa miaka mingi kulikuwa na sheria mbili, moja kitabuni na nyingine mdomoni mwa filimbi. Mchezaji aliyezoea filimbi alikuwa salama, aliyesoma kitabu alionekana mjinga.

Sasa twende kwenye hoja ya Ba'mdogo, kwamba staa hapuliziwi. Nilitaka sana nimshinde kwenye hili, nikaanza na LeBron James. Januari 2009, Cleveland Cavaliers wako Washington, wako nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. LeBron kaingia kwa nguvu zake zote, filimbi ikalia. Hatua. Baada ya mechi akalalamika kwamba ile ni staili yake, mdundo wa kaa, ndivyo alivyouita. Kaa wa baharini! Watu walicheka wiki nzima. Lakini refa alipuliza, ugenini kwa LeBron ndiyo, ila ni LeBron, mwisho wa mechi, kwenye televisheni.

Ba'mdogo akanijibu kwa James Harden. Desemba 2018, Houston Rockets na Utah Jazz, Harden akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, mpira uko mkononi, akarusha. Kimya. Ligi yenyewe ikaja kukiri kwamba lilikuwa kosa na lilipaswa kupulizwa. Moja kwa moja, sare.

Hapo kwenye kukiri ndipo mie napata tabu. Tangu Machi 2015 NBA wanatoa ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizokaribiana. Kila filimbi iliyolia na zile muhimu ambazo hazikulia zinakaguliwa, na kesho yake wanatangaza: hii sawa, hii tulikosea. Ni jambo zuri, ni ligi chache zinazojianika hivyo. Lakini matokeo hayabadiliki. Umefungwa umefungwa, ila sasa una karatasi. Inanikumbusha sisi magazetini: kosa linakwenda ukurasa wa kwanza kwa herufi za kung'aa, na kuomba radhi kunakwenda ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mnada. Halafu msimu wa 2019-20 makocha wakapewa haki ya kupinga uamuzi palepale kwa marudio ya picha. Wanaweza kupinga faulo, mpira uliotoka nje, na kuzuia mpira unaoshuka kikapuni. Hatua haimo. Kosa ambalo mtu yeyote mwenye rimoti anaweza kulihesabu ndilo kocha hawezi kulipinga.

Ba'mdogo kama mnavyomjua hakuishia hapo. Akamleta Tim Donaghy, na huyo sikuwa na la kumtetea. Refa wa NBA aliyekuwa anabeti mechi na kuuza siri kwa wacheza kamari, alikiri mahakamani Agosti 2007, mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Akaleta na mechi ya sita ya Lakers na Sacramento Kings mwaka 2002, ambayo Lakers walipata mitupo huru 27 katika robo ya nne peke yake wakashinda 106 kwa 102. Donaghy alikuja kudai mechi ile iliongozwa na marefa, ligi ikakanusha, na haijawahi kuthibitishwa. Lakini nenda Sacramento ukawaambie hivyo.

Tatizo langu na wizi ni kwamba unatufanya tuache kufikiria. Ukishasema refa kanunuliwa, mjadala umekwisha. Mimi kinachonitisha zaidi ni refa ambaye hajanunuliwa na bado anapendelea bila kujua. Wapo wachumi wawili, Joseph Price na Justin Wolfers, walichambua takwimu za NBA za miaka 13, kuanzia 1991 hadi 2004. Wakakuta kwamba mchezaji alipata faulo chache zaidi pale marefa walipokuwa wa rangi yake, tofauti ya hadi asilimia 4. Habari ilipovuja magazetini Mei 2007 ligi ikakasirika, ikasema uchunguzi wake unaonyesha hakuna kitu kama hicho. Halafu ndiyo ikaja sehemu iliyonifanya niache kula. Baadaye watafiti wakarudi kuangalia miaka iliyofuata baada ya kelele zile. Ule upendeleo haukuwepo tena. Wakahitimisha kwamba huenda ilitosha watu kujua tu.

Asilimia 4 kwa binadamu waliofundishwa kwa miaka, wanaosahihishwa kwa video, wako watatu uwanjani kwa kila mechi. Nikajiuliza, je, mwenye filimbi yupo peke yake, na anachojua ni alichofundishwa shuleni?

Nimezunguka sana, sasa niseme.

Mwaka 2018 nilichezesha mechi. Msicheke. Lilikuwa bonanza la vijana, mmoja wa marefa hakutokea, nami nilikuwa pale na kamera na daftari langu, na domo langu la kujua kila kitu. Jamaa mmoja akasema, "Si wewe huwa unajua sheria?" Nikapewa kipyenga. Mechi ya nusu fainali, uwanja wa saruji, jua la saa nane.

Sekunde za mwisho, timu ya jezi za kijani iko nyuma kwa pointi moja. Dogo mmoja wa jezi namba 11, mwembamba, viatu vimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi, akapokea pasi akiwa kwenye mbio. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini. Kushoto, kulia, mpira ukagonga ubao ukaingia. Watu wakaruka. Mie nikapuliza. Nikazungusha mikono kifuani kwa mbwembwe kama wale wa kwenye televisheni. Hatua. Kikapu kimefutwa.

Alinifuata taratibu, hakunifokea. Akaniambia, "Kaka, ule wa kwanza ni sifuri."

Nikamjibu mbele ya wenzake, "Dogo, kasome sheria."

Wenzake wakacheka. Hata wa timu yake. Yeye hakucheka, alinitazama tu, kisha akarudi kukaba. Mechi ikaisha hivyo, kwa pointi moja.

Sasa rudini kwenye ile tarehe niliyowaambia. Oktoba 2017. Yule mtoto alikuwa amesoma sheria. Sijui aliisomea wapi, labda kwenye simu ya mtu. Mimi mwandishi, mwenye kitambulisho shingoni, sikuwa nimesoma. Nilihesabu kama Ba'mdogo, na hakuna aliyeniamuru wala kunipa hata soda. Hakukuwa na kamera ya marudio, hakukuwa na ripoti ya kesho yake. Nimeishi miaka yote hii nikiisimulia mechi ile kama siku niliyokuwa na msimamo. Nimewahi kuisimulia hata kwenye usaili wa kazi, jamani.

Juzi nikamweleza Ba'mdogo. Nilidhani atanicheka, au ataniambia nilikuwa sahihi maana yeye sifuri haitambui. Alikaa kimya kidogo.

"Ulisema mguu gani ulikuwa chini?"

"Wa kulia."

Akaweka kikombe chini. Akasimama katikati ya sebule, akashika mto wa kochi kama mpira, akajikongoja na lile goti lake: kulia, kushoto, kulia. Akarudia. Mara ya tatu akawa anahesabu kwa sauti, na safari hii alianza na sifuri.

"Alifunga," akasema.

"Ndiyo, Ba'mdogo."

"Mtafute."

Namtafutaje? Jina lake sikulichukua, mie ambaye kazi yangu ni kuchukua majina. Kwenye daftari la siku ile nimeandika matokeo ya nusu fainali, nimeandika hali ya hewa, na nimeandika kwamba waamuzi walichezesha vizuri. Kwa hiyo naandika hapa. Kama ulivaa kijani, namba 11, viatu vya uzi mweusi, au kama unamfahamu aliyevaa, mwambieni kile kikapu kilikuwa halali.