Kushika na Kupaka: Kumbukumbu za Mkakamao wa Mikono katika Uundaji wa Modeli Ndogo

Uundaji wa modeli ndogo, yaani mifano ya ndege, meli, magari na askari iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu hadi ikatosha kukaa juu ya meza, ni kazi ambayo mtazamaji huiona nyepesi, kwa kuwa mfanyaji hukaa kitini muda wote na kitu kilichomo mkononi mwake aghalabu hakizidi gramu chache. Hata hivyo, waundaji wengi waliodumu katika kazi hiyo wanaujua mkakamao, hali ambayo misuli ya mkono hujikaza yenyewe bila kuamriwa, kidole gumba kikajikunja kuelekea kiganjani na kukataa kunyooka mpaka kivutwe kwa mkono wa pili. Kumbukumbu hizi zinafuatilia jinsi mkakamao huo ulivyochukuliwa na kukabiliwa kwa takribani miongo minne, kama mwandishi wake, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Uingereza akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, alivyoushuhudia katika mikono yake na ya wenzake. Na hoja inayoziongoza ni kwamba kinachouchosha mkono wa muundaji ni kushika zaidi kuliko kupaka.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kukumbuka kwamba vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo imo katika kigasha, sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kifundoni, ilhali misuli midogo iliyoko kwenye shina la kidole gumba na kati ya mifupa ya kiganja husaidia katika mikao ya udhibiti na wepesi. Msuli unaokazwa na kulegezwa kwa zamu hupata damu mpya kila unapolegea. Unaokazwa mahali pamoja kwa muda mrefu huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake na kujinyima oksijeni, hata kama nguvu inayotumika ni ndogo. Seremala anayesukuma randa kutwa nzima hutumia nguvu nyingi kuliko mtu anayempaka rangi askari wa modeli, lakini misuli yake hupata nafuu kila randa inaporudi nyuma, na nafuu hiyo ndiyo mpaka rangi anayoikosa.

Katika miaka ya 1980 kazi hii ilikuwa na mikondo miwili mikubwa nchini Uingereza. Wa kwanza ulikuwa wa seti za plastiki za kuunganisha, ambazo jina lake kuu lilikuwa Airfix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na kuingia katika seti za meli na ndege mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kipimo chake kilichozoeleka kwa ndege ni 1:72, maana yake sentimita moja ya modeli husimama badala ya sentimita 72 za ndege halisi. Wa pili ulikuwa wa sanamu ndogo za madini, zilizopata soko kubwa baada ya kuanzishwa kwa Citadel Miniatures mwaka 1979 na kutolewa kwa mchezo wa vita wa Warhammer mwaka 1983, ambao mchezaji wake huhitaji jeshi zima, pengine sanamu mia na zaidi, kila moja ikiwa na kimo cha takribani milimita 25 hadi 28 na kila moja ikipakwa rangi kwa mkono. Kwa habari ya mkakamao, mkondo wa pili ndio uliokuwa na gharama kubwa zaidi, kwa sababu mwenye ndege moja huimaliza akapumzika, ilhali mwenye jeshi huurudia mshiko uleule kutoka askari wa kwanza hadi wa mwisho.

Sanamu hizo zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, na desturi ilikuwa kuishika kila moja kwenye ukingo mwembamba wa kitako chake kwa ncha za kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, mshiko usioruhusu kulegea hata kidogo, kwani sanamu ikizunguka tu rangi mbichi hugusa kidole na kazi ya nusu saa ikaharibika. Jicho ndilo lililokuwa mtihani. Ilipakwa kwanza nukta nyeupe, ikaachwa ikauke, kisha katikati yake ikawekwa nukta nyeusi isiyofika nusu milimita. Na katika sekunde hizo chache pumzi ilizuiwa, mabega yakapanda kuelekea masikioni, na brashi, ambayo haina uzito wa kutajika, ikabanwa kana kwamba kuna mtu anataka kuipora. Aliyemaliza macho ya kikosi kizima jioni moja mara nyingi alishindwa kufunga vifungo vya koti lake wakati wa kuondoka.

Maumivu hayo hayakuhesabiwa kuwa tatizo la kutafutiwa ufumbuzi. Katika chumba cha klabu ambamo mwandishi alijifunza kazi hii, mkakamao ulitajwa kwa namna fulani ya fahari, kama ushahidi wa bidii, na aliyelalamika aliambiwa aukung'ute mkono na kuendelea. Nyumbani tiba zilikuwa za aina nyingine: maji ya moto yenye chumvi, kuchua kwa mafuta ya karafuu yaliyoletwa na ndugu waliotoka Pemba, na nasaha ya wazee kwamba mwenye kukazwa na misuli ale ndizi na kunywa maji mengi. Joto na kuchua huleta nafuu ya kweli, kwa kuwa husaidia msuli uliokaza kulegea, na hakuna sababu ya kuvidharau. Upungufu wa tiba hizo zote ni kwamba zilifika baada ya kazi, wakati chanzo kilikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Jambo la kushangaza ni kwamba maelezo ya chanzo hicho yalikuwapo muda mrefu kabla ya kuwapo modeli za plastiki. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, aliandika juu ya makarani na kutaja mambo matatu yanayowadhuru, nayo ni kukaa kitini bila kuinuka, kuusogeza mkono kwa namna ileile daima, na mkazo wa akili unaotokana na hofu ya kukosea. Mtu akiyasoma mambo hayo matatu leo atadhani yaliandikwa kwa ajili ya mpaka rangi wa macho ya askari. Uingereza yenyewe iliuingiza mkakamao wa wapiga simu za maandishi, wale waliotuma ujumbe kwa kubofya kitufe kimoja mfululizo, katika orodha ya maradhi ya kazini yanayolipiwa fidia mwaka 1908.

Hapa inapasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wa kawaida huyaita kwa jina moja. Upo mkakamao wa uchovu, ambao huja baada ya kazi ndefu na kuondoka kwa mapumziko, na ndio unaowapata waundaji wengi. Ipo pia distonia ya mkono, tatizo la ubongo unaopeleka amri zilizovurugika kwa misuli ya kazi moja mahususi, kiasi kwamba mtu anaweza kushindwa kushika kalamu tu huku akifanya kazi nyingine nyingi bila shida. Mwaka 1982 Sheehy na Marsden walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mkakamao wa waandishi unapaswa kuwekwa katika kundi hilo, si katika kundi la maradhi ya wasiwasi kama ilivyodhaniwa hapo kabla. Mapumziko hayaiponyi distonia, na mwenye nayo anahitaji daktari wa neva.

Mabadiliko yalianza kwa vitu vya kuokoteza. Waundaji wachache walianza kuibandika sanamu juu ya kizibo cha chupa, au juu ya kichupa cha dawa kilichokwisha, kwa kutumia ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, wakashika kichupa badala ya kushika sanamu. Wakongwe waliwacheka. Lakini kitu kinene hukaa katika kiganja kizima na kuzuiliwa na vidole vyote bila kubanwa, hivyo ile misuli midogo ya kidole gumba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikakamaa, huachwa huru. Aidha, mwenye kushika kichupa anaweza kuikutanisha mikono yake miwili, kifundo kikaegemea kifundo, na mtetemeko ukapungua bila kuongeza nguvu. Ilichukua miaka mingi mpaka wazo hilo likawa bidhaa, na katika muongo wa 2010 kampuni kubwa za modeli zilikuwa zikiuza vishikio maalumu vyenye taya za kubana kitako cha sanamu. Kwa maoni ya mwandishi, kishikio hicho kimeiokoa mikono mingi kuliko dawa zote zilizotajwa hapo juu, na kuchelewa kwake ni aibu kidogo kwa kazi inayojisifu kwa ubunifu.

Mengine yalikuja yenyewe. Mkono wa sanamu ya madini, ambao haukushikwa imara na gundi pekee, ulihitaji kutobolewa kwa keekee ndogo inayozungushwa kwa ncha za vidole na kutiwa kijiti cha waya, na hakuna zoezi lililouchosha mkono kuliko hilo. Plastiki ilipochukua nafasi ya madini, gundi inayoyeyusha kingo na kuziunganisha iliifanya keekee hiyo isihitajike mara nyingi. Koleo kali za kukatia vipande kutoka kwenye fremu zilipunguza kazi ya kisu na tupa. Mwaka 2019 Citadel ilitoa rangi zinazotiririka zenyewe kwenye mikunjo na kuacha miinuko ikiwa myeupe kiasi, hivyo kivuli kilichohitaji tabaka kadhaa kikapatikana kwa mpako mmoja. Walalamikaji walisema ufundi umekufa, na mwandishi, ambaye kidole gumba chake kilikuwa kimeshazeeka, hakuona msiba wowote.

Mpangilio wa muda nao ulibadilika, na kwa mwandishi ulibadilika kwa sababu ya Liemba. Meli hiyo ya Ziwa Tanganyika yenye urefu wa takribani mita 71 iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kurudi kazini mwaka 1927, hivyo nayo ni seti ya kuunganisha kwa haki yake. Modeli yake katika kipimo cha 1:200, yenye sentimita kama 36, ilitengenezwa na mwandishi kwa bapa za plastiki na nyaya za shaba, na reli za sitahani zilikuwa nyingi mno kwa mkono uliozoea kukaza mpaka usiku wa manane. Kazi ikagawanywa kwa aina ya mshiko: kukata kidogo, kisha kupaka sehemu pana kwa brashi nene, kisha kusimama na kufungua viganja kabla vidole havijadai, na nyaya zikaachiwa asubuhi, mikono ikiwa na joto. Meli ilichukua muda mrefu, na mkakamao ukawa nadra.

Si kila dalili hutulizwa kwa mpangilio. Kifundoni kuna mfereji mwembamba zinamopita neva ya kati na kano tisa, na kano hizo zikivimba neva hubanwa, ganzi ikaingia katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu huidhoofisha misuli ya kidole gumba, na misuli iliyosinyaa huenda isirudi hata baada ya upasuaji. Muundaji anayeamshwa na ganzi ya namna hiyo, au anayeona vitu vikimdondoka mkononi, aende hospitali apimwe, wala asisubiri kwanza amalize modeli iliyoko mezani.