DVD Ikikataa Kucheza, Tusimlaumu Aliyeituma

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa darasa la kompyuta tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wanatuletea mlangoni mara kwa mara. Ndugu aliyekwenda nchi ya tatu ametuma DVD ya arusi, au ya ubatizo, au ya mazishi. Imefika salama, haina hata mkwaruzo. Unaiingiza kwenye deki, inazunguka, inalia kidogo, halafu kioo kinaandika "NO DISC". Basi hapo maneno yanaanza.

Kuna vijana wanaotuuliza, sasa dunia ni ya simu, DVD ya nini tena? Sisi tunawajibu hivi: si kila nyumba ina simu kubwa, na bando linakula pesa ya sabuni. Bibi ambaye macho yake yamechoka hawezi kumtambua mjukuu wake kwenye kioo cha kiganja. Lakini televisheni moja, deki moja na betri iliyochajiwa na sola inatosha watu ishirini kukaa pamoja. Tena arusi si kitu cha kuangalia mtu mmoja mmoja kwa kupokezana. Ukoo unakaa, mmoja anasema "huyu ni nani?", mwingine anajibu, watoto wanajifunza majina ya shangazi na wajomba ambao hawajawahi kuwaona. Kwa familia zilizotawanyika kama zetu, hiyo ndiyo shule ya ukoo.

Ndiyo maana diski ikikataa, inauma. Mama mmoja hapa kambini alipokea DVD ya arusi ya binti yake kutoka Marekani. Aliita majirani, akapika chai, deki ikakataa. Watu wakaanza kusema ati binti amekwisha kuwa mzungu, ametuma diski tupu kwa dharau. Yule mama alikaa karibu miezi miwili hapokei simu ya mwanawe. Diski ilipoletwa kwetu tukaiweka kwenye kompyuta. Arusi yote ilikuwa humo, zaidi ya saa mbili, na mwisho wake binti anaangalia kamera na kumsalimia mama yake kwa jina. Diski haikuwa tupu. Binti hakumdharau mtu. Deki tu haikujua lugha iliyoandikwa ndani.

Tueleze hiyo lugha. Deki ya DVD ni kama mzee anayesoma lugha moja tu, lakini anaisoma vizuri. Lugha hiyo inaitwa MPEG-2, na lazima ipangwe ndani ya folda yenye jina VIDEO_TS. Simu za leo haziandiki hivyo. Nyingi zinaandika faili la MP4 kwa lugha iitwayo H.264, na iPhone tangu mwaka 2017 zimekuwa zikiandika pia kwa lugha mpya zaidi, HEVC, ambayo inabana picha sana ili faili liwe dogo. Mtu akichukua faili la simu na kuliweka kwenye DVD jinsi lilivyo, amefanya kama kuweka karatasi ndani ya bahasha. Kompyuta itafungua bahasha na kusoma, deki ya zamani itashindwa. Wengine wanajaribu kubadilisha jina la faili, kutoa "mp4" na kuandika "mpg". Haisaidii. Kumpa mtu jina la Kifaransa hakumfundishi Kifaransa.

Deki nyingine zina alama ya DivX mbele. Hizo zinasoma pia mafaili ya AVI yaliyotengenezwa kwa DivX au Xvid, na zikiwa na tundu la flashi zinaweza kuyasoma kutoka kwenye flashi. Lakini flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa FAT32, maana deki nyingi hazijui mpangilio mwingine. Na FAT32 haipokei faili moja lililofika GB 4. Ukiona kompyuta inakataa kunakili faili kubwa ingawa flashi ina nafasi, sababu ni hiyo.

Jambo la pili ni mfumo wa televisheni. Marekani, Kanada na Japani walijenga televisheni zao kwa mfumo wa NTSC, wenye mistari 480 na picha karibu 30 kwa sekunde. Hapa Tanzania, na pia Kenya na Uganda, tulitumia PAL, wenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Ulaya ya Magharibi kwa sehemu kubwa na Australia nao ni PAL. Diski ya Marekani kwenye deki yetu kwa kawaida inasomeka, lakini televisheni ya zamani inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi, au picha inayopanda na kushuka bila kutulia. Usipige televisheni kofi. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha N/P, au ingia kwenye mipangilio ya deki na uchague PAL badala ya NTSC. Mara nyingi picha inatulia hapo hapo.

Jambo hili lina upande wa pili, na tunaomba familia zinazosubiri safari zisikilize vizuri. Kwetu deki nyingi zinasoma mifumo yote miwili, lakini nyingi zinazouzwa Marekani hazikubali diski ya PAL. Ukibeba DVD ya kumbukumbu iliyotengenezwa hapa, inawezekana ikafika kule ikakataliwa. Kwa hiyo pamoja na diski, beba faili lenyewe kwenye memori kadi au flashi, uliweke kwenye mfuko wa mkononi pamoja na karatasi zako.

Sasa dalili nyingine ambazo tunaziona sana.

Watu wamerefuka na kukonda kama miti ya mikaratusi. Hapo diski ni nzima. Video ni pana na televisheni yako ni ya mraba, ila deki haijaambiwa. Ingia kwenye mipangilio, mahali pa aina ya televisheni, chagua 4:3 yenye herufi LB. Utapata mistari miwili myeusi juu na chini, lakini mwanao atarudi kwenye umbo lake.

Picha ipo, sauti hakuna. Mara nyingi sauti iliachwa katika lugha ya simu, yaani AAC, ambayo deki nyingi za DVD hazisomi. Inatakiwa ibadilishwe iwe AC3 au MP2, ya kilohezi 48.

Midomo inatangulia, maneno yanafuata, na kadiri video inavyoendelea ndivyo yanavyoachana. Simu nyingi hazipigi idadi moja ya picha kila sekunde. Kukiwa na giza zinapunguza, kukiwa na mwanga zinaongeza. Programu ya kubadilisha isipolingana na hilo, sauti inapotea njia. Dawa yake ni kuichagulia programu idadi isiyobadilika ya picha kwa sekunde tangu mwanzo wa kazi.

Picha inaganda katikati au mwishoni. Kwanza safisha diski kwa kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ikiganda bado, huenda ilichomwa kwa kasi kubwa, au ni diski ya RW. Hizo za kufutika zinarudisha mwanga kidogo, na jicho la deki iliyozeeka haliwezi kuziona vizuri.

Diski iliyorekodiwa moja kwa moja na mashine ya kurekodi, inacheza kwenye mashine hiyo tu. Hiyo haikufungwa. Mashine za namna hiyo zina amri ya mwisho ya kuifunga diski, na bila amri hiyo deki nyingine haziwezi kuisoma.

Filamu ya dukani kutoka Marekani inakataa na kutaja namba ya eneo. Watengenezaji waligawa dunia kwa namba: Marekani na Kanada ni 1, na sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Lakini diski ya arusi iliyochomwa nyumbani kwa kawaida haina namba hiyo, kwa hiyo usikubali mtu akuambie arusi ya mwanao imefungwa kwa ajili ya wazungu.

Tukija kwenye kutengeneza diski, sisi tunatumia programu ya bure iitwayo DVDStyler. Unaingiza video zako, unachagua PAL ikiwa diski itabaki huku au NTSC ikiwa inakwenda Marekani, na yenyewe inageuza kuwa MPEG-2 na kupanga ile folda ya VIDEO_TS. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Kwa saa moja picha inakuwa safi sana, kwa saa mbili inakuwa nzuri bado. Ukilazimisha arusi ya saa nne kwenye diski moja, nyuso zitakuwa kama zimepakwa uji. Tumia diski mbili. Ukiwa na CD tupu tu, unaweza kutengeneza VCD. Inaingia kiasi cha dakika 74 hadi 80, deki nyingi zinaisoma, lakini picha yake ni ndogo: mistari 288 tu, nusu ya ile ya DVD. Kwa CD pia tumia kalamu laini unapoandika jina juu yake, maana habari zimelala chini kidogo tu ya upande huo wa juu, na kalamu ya ncha kali inaziharibu.

Kazi ya kugeuza ni ndefu. Kompyuta ya zamani inaweza kuchukua saa nyingi kuliko urefu wa video yenyewe, kwa hiyo usianze jua likiwa linazama na betri imebaki nusu. Anza asubuhi. Kwanza jaribu dakika mbili tu, zichome, uzione kwenye deki ya nyumba inayokwenda kutumika, ndipo ugeuze yote. Na ukichoma, chagua kasi ndogo.

Lipo jambo moja kubwa kuliko yote haya, na ndilo lililotufanya tuandike. Kugeuza video ni njia ya kwenda tu, haina kurudi. Kila unapoibana, kuna kitu kinatupwa, na hakuna fundi wala programu itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Familia moja tunayoijua ilikuwa na video ya mazishi ya babu yao, iliyopigwa kwa simu nzuri. Kijana wa kibanda aliigeuza ikawa ndogo ili iingie kwenye simu zao, halafu, ili kupata nafasi, faili la kwanza likafutwa kwenye kadi. Wakati ule kila mtu aliridhika, maana kwenye kioo kidogo ilionekana. Walipopata televisheni, wakaiweka. Jeneza linaonekana, watu wanaonekana, lakini uso wa babu ni vivuli tu. Wajukuu wawili walikuwa wamekwisha kusafiri kabla ya msiba. Hawakuuona uso ule wa mwisho, na sasa hawatauona.

Kwa hiyo tunawaomba, na tunawasihi: faili la kwanza lisifutwe. Diski ya deki ni nakala ya kuangalia, faili la simu ndiyo mbegu. Hakuna mkulima anayekaanga mbegu zote. Weka faili hilo sehemu mbili, moja nyumbani na moja kwa ndugu wa mbali, kadi ifungwe kwenye nailoni isipate vumbi wala mvua. Ukimpelekea fundi, mpe nakala, usimpe kadi pekee uliyo nayo.

Na ninyi mnaotuma kutoka mbali, maana tunajua gazeti hili linawafikia kwa kupigwa picha na kutumwa: muulizeni kwanza mama ana deki ya namna gani, kisha mpeni fundi wenu habari hiyo. Tumeni diski ya kuchezwa na deki, na pembeni yake wekeni flashi yenye faili lenyewe.

Yule mama tuliyemtaja aliletewa diski mpya tuliyoigeuza, akamwona binti yake, na jioni ile akaomba simu ya jirani apige mwenyewe. Kila nyumba ingefanya hivyo mapema zaidi: deki ikikataa, piga simu uulize kabla ya kukasirika. Mwenye diski inayosumbua aje darasani siku za Jumamosi asubuhi, akiwa na diski yake, na akumbuke kutuambia deki yake iliandika nini kiooni.

Tunawatakieni mwezi mwema wenye amani, na habari njema kutoka kwa wote walio mbali.