Ziwa Lisilo na Nyangumi

Mtu wa pwani akitajiwa mashua ya likizo, akili yake hukimbilia Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa pomboo; au Watamu, ambako kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita karibu na pwani ya Kenya wakitokea bahari za baridi kule kusini. Gisenyi hakuna cha nyangumi wala pomboo. Mji huu wa Rwanda, ulio katika wilaya ya Rubavu, umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, umebanana ukuta kwa ukuta na Goma ya Kongo. Ziwa lake halina hata kiboko wala mamba. Na bado kila jioni wageni hushuka Rubona, bandari ndogo ya wavuvi kusini mwa mji, wakakodi mashua ya saa mbili tatu. Mimi nilishuka nao Juni 2019. Sijawahi kwenda kutazama viumbe wa majini nikarudi nimeelewa mambo mengi kama siku ile, ingawa kiumbe mwenyewe ana urefu wa kidole tu.

Mashua yetu ilikuwa ya mbao, ina injini nyuma na turubai la kukinga jua. Tulipanda na familia moja kutoka Kampala, baba, mama na watoto wawili, sote tumefungwa maboya ya rangi ya machungwa. Kivu iko juu, kama mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na jua likianza kushuka unaitafuta sweta. Binti yao mdogo, ambaye likizo iliyopita alipelekwa Watamu, alikuwa ameegemea ukingo anatazama maji bila kupepesa. Mwisho akamgeukia nahodha.

"Anko, pomboo wanatoka saa ngapi?"

Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa hapo, Kiswahili chake cha upande wa Goma. Hakucheka. "Hapa hakuna, mtoto yangu," akamwambia. "Hapa tunaonaka watu wa kazi."

Watu wenyewe walikuwa wanatoka. Mchana vyombo vya wavuvi hulala Rubona vimefungwa ubavu kwa ubavu. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni vinaanza kuvutwa majini kimoja kimoja. Kila chombo ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti ya mikaratusi. Mbele na nyuma zimetokeza fito ndefu, zimepinda kuelekea juu kama sharubu za kambakochi, na hizo ndizo zinazobeba wavu. Hazina injini. Wanaume wamekaa kwenye mitumbwi na makasia yao; mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanapokea, na kasia linaingia majini pale sauti zinapokutana. Pumzi ikitaka kupungua, mwingine anapiga filimbi na wimbo unageuka, kasi inapanda. Sikuwa nimejua kwamba nyimbo zile ni zana ya kazi sawa na wavu. Bila wimbo mitumbwi mitatu haiwezi kwenda kama kitu kimoja.

Nahodha wetu alizima injini tukiwa bado mbali nao. Baba wa watoto akaomba tusogee kidogo apate picha nzuri. Nahodha akamjibu kwa upole, "Mzee, wimbi letu litawasumbua. Tungoje, watapita wenyewe." Na kweli walipita, karibu kiasi cha kuona jasho shingoni na chupa za maji zilizofungwa kwenye miti, wakatupungia mkono bila kukata wimbo.

Nilikumbuka Kizimkazi. Pomboo wale walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya chambo cha papa; utalii ulipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wavuvi wakaona pomboo hai ana faida kuliko aliyekufa, na uwindaji ukakoma. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini nimewahi kukaa kwenye mashua kule, nyingine zimetuzunguka, zote zinalikimbilia kundi moja la pomboo, wageni wanarukia mbele yao na miwani ya kupigia mbizi. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao waliona kwamba mashua zikizidi, wanyama hawapati muda wa kutosha wa kupumzika, hasa majike wenye watoto. Nahodha wa Rubona alinionyesha adabu ambayo ningependa ifike kila mahali panapokodishwa mashua ya kutazama: simama, zima, acha mwenye maji apite.

Giza lilipoingia taa zikawaka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi ni taa za betri. Mwanga huvuta vijidudu vidogo vya majini, vijidudu huvuta sambaza, wale samaki wa urefu wa kidole, na sambaza wakishajaa chini ya mwanga wavu unapandishwa kutoka kilindini, taratibu, mikono yote pamoja. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu uvuvi hulegea, kwa sababu ziwa zima linakuwa na mwanga na samaki hawana haja ya kukusanyika penye taa.

Sambaza naye ni mgeni ziwani. Volkano za Virunga zilipoziba njia ya kaskazini maelfu ya miaka iliyopita, Kivu ilitengwa na maji ya Nile, ikatafuta njia ya kutokea kusini kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Maporomoko ya Ruzizi hayampi samaki nafasi ya kupanda. Ziwa likabaki na aina chache tu za samaki, na katikati yake, mbali na ukingo, chakula kilikuwa kinaelea bila mlaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa wa Tanganyika vilibebwa vikaja kumwagwa humu. Aina mbili zilikusudiwa. Moja haikushika, nyingine, ile wataalamu wanayoiita Limnothrissa miodon, ikazaana. Kwa hiyo samaki anayelisha Gisenyi na Goma alibebwa na watu hadi hapa.

Na anaishi juu juu tu. Kivu ina kina cha zaidi ya mita 480, lakini hewa ya kuvuta samaki iko kwenye tabaka la juu, makumi machache ya mita. Chini ya hapo hakuna samaki. Kuna gesi iliyoyeyuka, takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zimekandamizwa na uzito wa maji. Kiwanda cha bia cha Bralirwa hapo hapo Rubona kilianza kutumia methani ya ziwa mwaka 1963, na huko Karongi mtambo wa KivuWatt unaivuta kuzalisha megawati 26 za umeme. Cameroon, mwaka 1986, ziwa Nyos lilitapika gesi yake usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Nyos ni kidimbwi ukililinganisha na Kivu. Nahodha alilieleza hilo bila kutishia mtu, mkono wake ukionyesha taa za wavuvi: wale wote wanafanya kazi juu ya paa la nyumba kubwa, na ndani ya nyumba wanajua kuna nini.

Kaskazini, juu ya Goma, anga lilikuwa jekundu. Wakati ule volkano ya Nyiragongo bado ilikuwa na ziwa la lava ndani ya tundu lake, na usiku wenye mawingu wekundu wake uliwaka juu ya mji mzima. Watoto wa Kampala walinyamaza. Tukarudi bandarini saa mbili usiku, wavuvi wamebaki.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimeona nusu. Nahodha ndiye aliyenishauri: "Kesho asubuhi mapema uende Petite Barrière. Utaona hii samaki yote inaenda wapi."

Petite Barrière ni mpaka wa miguu. Kuna lango jingine kando ya ziwa, Grande Barrière, ambalo wageni wenye magari hulipitia; hili dogo liko ndani zaidi, kati ya Mbugangari ya Gisenyi na Birere ya Goma, nalo ndilo lenye watu. Ni miongoni mwa mipaka ya Afrika inayovukwa na watu wengi zaidi kwa miguu, makumi ya maelfu kwa siku moja, na wengi wao ni wanawake wachuuzi. Nilifika lango likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Foleni ilikuwa imejaa chini ya paa refu la bati, kitambulisho mkononi, mzigo kichwani: kabichi, karoti, nyanya, vitunguu, trei za mayai, kuku wamefungwa miguu, madumu ya maziwa. Upande wa pili walikuwa wanakuja wengine na vitenge, mafuta ya mawese, viatu na vipodozi. Pembeni ilipita njia ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wenye nazo ni watu wenye ulemavu wa miguu, na zimetengenezwa kubeba shehena ambayo mtu mzima wa miguu miwili asingeithubutu: magunia yamepandana juu ya kichwa cha dereva, vijana wawili wanasukuma nyuma. Wanaheshimika hapo. Foleni inawapisha bila kuambiwa.

Mwaka ule kulikuwa na Ebola Kivu Kaskazini, jimbo la Goma, iliyotangazwa Agosti 2018. Kabla ya dirisha la uhamiaji kila mtu alipitia mstari wa mabomba, maji yananukia klorini, kisha kijana mwenye glavu anamwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. Mama mwenye mzigo hawezi kunawa na beseni kichwani. Hivyo niliona jambo likijirudia mamia ya mara: aliye nyuma anashika beseni la aliye mbele, wa mbele ananawa, anageuka, analipokea, anashika la mwenzake. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyeshukuru.

Sambaza niliwatambua kwa harufu na kwa matone. Walikuwa kwenye mabeseni ya plastiki yaliyofunikwa kitambaa kibichi, na maji yalikuwa yanachuruzika begani kwa aliyebeba. Nikamsalimu mmoja. "Jambo mama. Ni wa leo?"

"Ni ya leo, baba. Imetoka Rubona saa hii." Akainua kona ya kitambaa. Walikuwa wamelala kwa maelfu, migongo ya buluu nyeusi, matumbo ya fedha, macho bado maangavu. Nikamuuliza anauza wapi, akasema kwanza Birere, wakibaki anapanda nao soko la Virunga. Nikataka kuuliza bei. "Baba, usinisimamishe," akasema, na mguu wake ulikuwa umeshatangulia. "Jua ikipanda, hii samaki inakuwa ya bure." Dakika chache baadaye nilimwona kwa mbali upande wa Kongo, anapita kati ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zimesheheni, halafu sikumwona tena.

Faida ya mama yule ni tofauti ndogo ya bei kati ya mtaa mmoja na mwingine, na tofauti hiyo inategemea lango kuwa wazi. Ndiyo maana kila nikisoma habari za Petite Barrière natafuta kwanza kama imefungwa au haijafungwa. Agosti 1 mwaka ule ule ilifungwa kwa saa kadhaa, Ebola ilipokuwa imefika Goma. Machi 2020 Uviko ukaifunga kwa watu wa miguu. Malori ya mizigo yakaendelea kupita, wachuuzi wakaambiwa wajiunge vikundi na kusafirisha bidhaa zao kwa pamoja, na wasiokuwa na mtaji wa kuingia kwenye kikundi wakakaa nyumbani. Mei 22, 2021 Nyiragongo ikapasuka, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, na usiku ule maelfu walikimbilia Gisenyi wakiwa na magodoro na watoto. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na makombora ya vita hiyo yakaangukia upande wa Rubavu na kuua raia. Wazee wa hapo wanaikumbuka pia Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walipovuka kwa siku chache kuelekea Goma, na kipindupindu kikawangoja huko.

Hoteli za ufukweni zinauza machweo ya Kivu, na machweo ni mazuri, sibishi. Sambaza wao wa kukaanga, na limau na pilipili, ni watamu. Ila nadhani zinamkosesha mgeni zinapomrudisha kitandani baada ya mashua. Anayetaka kuiona Kivu inavyofanya kazi ahesabu safari moja kuanzia kasia la jioni hadi beseni la asubuhi, amlipe nahodha vizuri, na pale foleni asimame pembeni, kamera mfukoni, kwa sababu watu wale wana haraka. Asiende katika ile miezi miwili ya mwaka ambayo Rwanda hufunga uvuvi ziwani ili samaki wazaliane. Vyombo vitakuwa vimelala na foleni itakuwa ya kabichi tupu. Nami nikirudi nitaangalia kalenda kwanza, nichague juma lisilo na mwezi.