Bonane ya Kasungami

Mji wa Lubumbashi umezungukwa pande zote na komini iitwayo Annexe, na ndani ya komini hiyo umo mtaa wa Kasungami. Msomaji asifikiri barabara za lami na taa nyingi. Nyumba ni za matofali ya udongo, mengi yake yametolewa katika vile vichuguu vikubwa ambavyo nchi hii inajulikana kwavyo, na kati ya nyumba na nyumba mahindi yamepandwa hata katika pembe ndogo kabisa. Tulifika siku ya mwisho ya Desemba, mvua imekwisha kuigeuza njia kuwa tope jekundu, nao jamaa zetu wakatupokea kwa furaha: “Karibuni, mmetuletea bonane!”

Bonane ni salamu ya Kifaransa ya mwaka mpya iliyokwisha kuzoea kinywa cha Kiswahili. Siku hiyo watoto huvikwa nguo mpya, wakapita nyumba kwa nyumba kusalimu, nao watu wazima hawathubutu kuwa na mfuko mtupu.

Lakini sikukuu hii huangukia majira magumu. Katika Katanga ya kusini mvua huanza karibu na Novemba, ikaendelea hata Aprili. Mahindi hupandwa mvua ianzapo, na mavuno huja mvua ikikaribia kwisha. Basi mwezi wa Desemba mahindi yangali mabichi shambani na unga ni ghali dukani. Tena mahindi mengi ya mji huu hutoka Zambia, yakipita mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, hata serikali ya huko ikatangaza janga la taifa, kina mama wa Lubumbashi waliuona ukame huo katika bei ya mfuko wa unga.

Jioni ile mashauri hayakuwa mepesi nyumbani kwa wenyeji wetu. Baba alikuwa ameahidiwa mshahara kabla ya sikukuu, nao haukuja. Yeye akataka kukopa kuku wawili na mchele kwa mwenye duka. Mkewe akakataa.

“Baba watoto, deni la bonane hudaiwa Januari, na Januari hatutakuwa na kitu.”

“Na wageni wakija wakakuta majani matupu?”

“Majani yangu si matupu. Karanga zimo, mawese yamo, na jogoo wangu yupo.”

Twakiri ya kwamba moyoni tulikuwa upande wa baba, maana msafiri mwenye njaa hupenda kuku wawili kuliko mmoja. Hata hivyo baba alinyamaza, akatoka kwenda kumkamata jogoo.

Basi kinu kikaanza kulia. Sombe, ndiyo kisamvu cha watu wa pwani, haitaki haraka. Majani ya mhogo yana sumu yakiwa mabichi, kwa hiyo sharti yatwangwe vizuri, kisha yachemshwe muda mrefu. Ndipo hutiwa mawese, kitunguu, karanga zilizosagwa, na kipande cha samaki mkavu akipatikana. Makala nayo ina bei yake, hata mama alisongeza vyungu ili moto mmoja utoshe kwa viwili.

Mvua ileile iliyochelewesha mahindi huleta uyoga. Majira haya huuzwa kando ya njia kwa vikapu. Aina nyingine huota juu ya vichuguu, maana mchwa wenyewe huulima chini ya ardhi. Na katika misitu ya Zambia na Katanga iko aina ambayo kofia yake yaweza kufikia karibu mita moja. Sisi tulinunua wa kawaida, uliopikwa kwa chumvi na karanga, na hatukumkumbuka tena yule kuku wa pili.

Kulikuwa pia na kikanda. Ni viazi vidogo vya maua ya mwituni ya jamii ya okidi, hukaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi vishikamane. Kikipoa hukatwa vipande kama nyama. Ni kitamu, lakini tulikila kwa wasiwasi kidogo: mchimbaji akichukua kiazi, mmea wenyewe huondoka. Huko Zambia viazi hivi vimeanza kupungua hata wafanyabiashara wakavifuata katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, karibu na Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Na bukari, ugali wa mji huu, una habari yake. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji ukaanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, watu wa vyakula mbalimbali, nayo kampuni ikawagawia poso, na ndani yake unga wa mahindi. Hivyo wakajifunza kula chungu kimoja. Gécamines, iliyorithi migodi mwaka 1967, iliendelea kugawa unga. Lakini mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango wa serikali, na poso yao ikaisha. Babu wa nyumba hii angali akiita poso unga wowote uingiao mlangoni, hata ule ulionunuliwa kwa kikombe.

Kulipokucha munkoyo ulikuwa tayari: uji wa mahindi uliotiwa mizizi iliyopondwa, nayo huulainisha na kuutia utamu. Wageni wakaja, kwanza majirani, halafu mjomba na watoto wake saba. Baba akawekewa firigisi, kama ilivyo desturi. Akaitazama, akaikata vipande viwili, kimoja akamwekea babu. Kingine akakisukuma kwenye sahani ya mkewe bila kusema neno, naye akakila.

Mchana sombe ikaisha. Mvua ikaanza tena, na huko nje watoto wengine wakaita, “Bonane! Bonane!” Mama akauliza ni wangapi, kisha akarudisha sufuria ya maji motoni.