Kamulango

Fundi alikiita «kamulango». Mimi, kwa mazoea ya darasani, nikasema «kilango». Baba mdogo akatukatiza: jina mtalitafuta baadaye, kwanza tuamue kinatobolewa wapi.

Juu ya bati la nyumba yetu ya Butembo kuna paneli za jua na mifereji inayojaa majani. Anayepanda ni mdogo wangu, kwa ngazi ya miti iliyoegemea ukingo. Akishuka hutafuta kipago cha kwanza kwa mguu, bila kukiona.

Baba mdogo alitaka dirisha ukutani, chini ya pembe ya paa, ili mvua isiingie. Mvua ya Butembo si ya kuchezewa, kweli. Lakini atokaye dirishani hujikuta penye ukingo uleule tunaoukimbia. Kilango hufunguka katikati ya mteremko, miguu ikiwa bado kwenye ngazi ya ndani, na kamba imefungwa kwenye mbao za paa.

Kuhusu kuvuja, fundi alisema fremu iinuke kuliko migongo ya bati, na bati la juu lilalie ukanda wa fremu, si kinyume. Bawaba ziwe ubavuni. Zikiwa juu, upepo unaweza kumbamiza mtu kifuniko kichwani.

Swali gumu lilitoka kwa shangazi, anayeishi Beni. Sisi tulikuwa tukibishana juu ya kufuli, kwa hofu ya wezi. Yeye, aliyeona mauaji ya kule tangu 2014, aliuliza: usiku, ufunguo utakuwa kwa nani?

Tumeweka komeo la ndani, bila kufuli.